Mlango wa Printa Usiotaka Kufunga



Barua tuliyoichagua wiki hii haikutoka pwani. Imetoka Isiolo, kwa dada mmoja ambaye jamaa zake wa Lamu humpelekea jarida hili kila wapatapo msafiri. Ana kibanda cha kuchapisha na kutoa kopi mtaa wa Bulla Pesa, na chombo chake kikubwa ni printa ndogo ya leza. Mlango wa mbele wa printa hiyo umeanza ukaidi: ukisukumwa huja hadi karibu na kufunga, kisha hubaki mwanya wa upana wa kidole upande wa kulia, na taa ya onyo haizimiki. Fundi wa kwanza alimwambia kwamba mashine imekwisha, anunue nyingine. Fundi wa pili alikunja kipande cha boksi, akakishindilia katika tundu moja lililo ubavuni, na papo hapo printa ikaanza kuchapa huku mlango ukiwa wazi. Dada akamlipa, akamwombea dua. Sasa anauliza mambo mawili. La kwanza, je, kuna ubaya kuendelea hivyo, kwa kuwa ana mtoto wa miaka 3 anayeshinda naye kibandani? La pili, je, ni kweli kwamba hakuna dawa ila kununua nyingine?

La kwanza halihitaji mjadala. Dada yangu, zima mashine, chomoa plagi ukutani, na ukitoe kile kipande cha boksi leo hii kabla hujaendelea kusoma. Sababu nitazieleza mbele. La pili ndilo lenye maneno mengi, na ndani yake mna habari njema.

Wako watakaosema kwamba printa ni jambo la ofisini, halistahili ukurasa wa mambo ya nyumbani. Hao hawajawahi kukaa Isiolo siku ya mwisho ya kurejesha fomu za basari. Mji ule ndio makao ya kaunti. Watu wa Merti, Garbatulla na Oldonyiro huujia kwa safari ndefu ya njia ya vumbi, na kila dawati la serikali wanalolifikia huwataka nakala: nakala ya kitambulisho, nakala ya cheti cha kuzaliwa, fomu ya eCitizen iliyochapishwa. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa shuleni mwaka 2019, na wazazi nao wamekuwa wakitumwa na watoto wao kuchapisha picha na kazi za darasani. Huku kwetu Mombasa na Malindi mambo ni yayo hayo, tena na karatasi za mitihani ya madrasa. Mama mwenye printa moja inayofanya kazi analisha nyumba kwayo. Ikisimama siku tatu, ni siku tatu za mkono mtupu, na kuambiwa anunue nyingine ni kuambiwa auze kitu au aingie katika deni. Kwa hiyo suala la mlango huu si dogo kama linavyoonekana.

Tuujue kwanza mlango wenyewe. Kabla ya miaka ya 1980, mashine za kutoa kopi zilikuwa mali ya ofisi kubwa, na ndani yake hapakuguswa ila na fundi wa kampuni. Mwaka 1982 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa mashine ndogo ambayo ndani yake vitu vinavyochakaa upesi, yaani wino wa unga, silinda inayopokea picha na ubapa wa kuisafisha, vilitiwa pamoja katika sanduku moja la kutoa na kurudisha. Mwaka 1984 kampuni ya HP ya Marekani ikauza printa yake ya kwanza ya LaserJet, ambayo mtambo wake wa ndani ulitengenezwa na Canon kwa mpango huohuo. Sanduku hilo ndilo tunaloliita katriji. Na mlango wa mbele ukawekwa ili mwenye mashine, asiyekuwa fundi, aweze kulibadilisha mwenyewe. Nimelieleza hili kwa sababu wengi wa dada zetu huogopa kuufungua mlango huo wakidhani wanaingia mahali pasipowahusu. Mlango ule ulitengenezwa kwa ajili ya mkono wa mwenye nyumba.

Wala kutengeneza chombo kwa mkono wako si jambo la kuonea haya. Bibi Aisha (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani akishona viatu vyake na kuzitia viraka nguo zake. Sioni kwa nini sisi tushindwe kuinama na tochi mbele ya kijisanduku cha plastiki.

Basi tuanze. Mashine iwe imezimwa na plagi iwe nje ya soketi, kisha ngoja nusu saa kamili. Ndani, upande wa nyuma, mna rola inayoyeyusha wino ili ushike kwenye karatasi, na joto lake hukaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Mafuta ya kukaangia mandazi hayafiki hapo. Tandika gazeti mezani. Fungua mlango, toa katriji kwa kuivuta sawasawa kwa mikono miwili, iweke juu ya gazeti na uifunike kwa kitambaa kizito, maana silinda yake huharibiwa na mwanga. Wino wa unga ukimwagika nguoni, kung'uta, kisha fua kwa maji baridi. Maji ya moto huuyeyusha ukagandamana na uzi, na nguo hiyo usiihesabu tena.

Sasa, kabla ya jingine lolote, funga mlango mashine ikiwa tupu. Jaribio hili moja halikugharimu chochote, na mafundi wengi wenye haraka hawalifanyi. Mlango ukifunga vizuri bila katriji, mlango hauna neno. Kosa liko katika katriji au namna inavyokaa. Ukikataa hata bila katriji, kosa liko mlangoni kwenyewe au katika kitu kilichojificha nyuma yake.

Tuchukue la katriji kwanza, kwa kuwa ndilo litokealo mara nyingi. Katriji ina masikio madogo ubavuni, kulia na kushoto, yanayopita katika mifereji miwili ndani ya mashine. Sikio moja likipanda juu ya mfereji wake, katriji hukaa upande, na mlango huigonga kabla ya kufika mwisho. Itoe, itie tena polepole mpaka usikie imekaa. Ikiwa ni mpya, angalia kama kile kifuniko cha plastiki cha rangi ya machungwa, ambacho huwekwa kwa ajili ya safari, kimeondolewa. Ikiwa imejazwa wino upya, tazama kilango chembamba kinachofunika silinda: kinapojazwa na mtu mwenye papara hupinda, au bawaba yake huchomoka, na hicho peke yake chatosha kuuzuia mlango. Tena kuna suala la jamaa zinazofanana. Katriji ya 85A ya HP na ile ya 35A hufanana kama pacha, na dukani utaambiwa zote ni moja. Linganisha namba iliyo kwenye boksi na iliyoandikwa ndani ya mlango wa printa yako, usitegemee macho wala kiapo cha muuzaji.

Ikiwa mlango umekataa hata bila katriji, washa tochi na utazame ndani bila pupa. Utashangaa ni vitu gani huishi humo: pini za stepla, kifuniko cha kalamu, kokwa ya tende, na zaidi ya yote vipande vya karatasi iliyokwama wiki iliyopita ikavutwa kwa hasira ikachanika. Vivute kwa vidole au kwa kibano cha plastiki kuelekea upande ambao karatasi hupita, usitumie kisu. Na hapa nitie neno lisilo la ufundi. Kipande kile kilichonaswa ni cha mtu. Huenda ni nusu ya kitambulisho cha mteja, au barua ya talaka ya jirani yako. Kichane kabisa au ukichome, usikitupe jaani kikiwa kinasomeka. Mwenye duka la kopi amebeba siri za mtaa mzima. Na ikiwa ni karatasi ya madrasa yenye aya za Qur'ani, ihifadhi mahali safi mpaka utakapoichoma au kuizika kwa heshima.

Baada ya hapo tazama bawaba. Dada yetu ametuambia mwanya uko upande wa kulia, na hiyo ni dalili ya maana kuliko anavyodhani. Mlango unaobaki wazi pande zote mbili kwa kawaida umezuiwa na katriji au kitu kilicho katikati. Unaobaki wazi kona moja mara nyingi una tatizo katika kona hiyohiyo. Katika printa nyingi ndogo mlango haukusimama peke yake: upande mmoja umeungwa na mkono mwembamba wa plastiki ambao, mlango ufungukapo, huzivuta gia zikaachana na katriji ili itoke. Mkono huo ukichomoka katika tundu lake, au msumari wa bawaba ukitoka mahali pake kwa sababu kuna mtu aliuegemea mlango, kona ile haitafika kamwe, hata ukiipiga kwa ngumi. Urudishe mkono tunduni kwa kidole. Plastiki hujikunja kidogo kisha hulia ta! inapoingia. Ikikataa, usilazimishe, fungua mlango zaidi na ujaribu kutoka pembe nyingine. Nguvu ndiyo iliyovunja milango mingi ambayo haikuwa na ugonjwa ila kipande cha karatasi.

Kuna hali ya tatu, nayo ni mlango kufunga vizuri kwa macho lakini taa ya onyo ikaendelea kuwaka. Hapo usimamie nyuma ya mashine kwanza. Printa nyingi zina mlango wa pili nyuma, na ukiachwa wazi hata kwa unene wa shilingi, mashine hulalamika vilevile. Ukiwa umefungwa, basi rudi mbele utafute ulimi. Ukingoni mwa mlango huwa kuna kijiti kidogo cha plastiki kilichochomoza, na mkabala wake, ubavuni mwa mashine, mna tundu jembamba. Mlango ufungwapo, ulimi huingia tunduni na kuibonyeza swichi iliyo ndani. Ulimi ukivunjika, mashine haina njia ya kujua kwamba mlango umefungwa.

Tundu hilo ndilo alilolishindilia boksi fundi wa pili. Na kile kipande, kwa ubaya wake wote, kimetupa ushahidi: swichi ilipobonyezwa, printa ilichapa. Maana yake umeme uko sawa, leza iko sawa, mota iko sawa. Fundi wa kwanza alikosea kusema mashine imekwisha. Kilichobaki ni plastiki.

Mbona basi nimemwamrisha dada akitoe? Kwa sababu swichi ile haikuwekwa kumsumbua mtu. Mlango ufungukapo, hiyo ndiyo inayokata leza, inayokata umeme mkali unaopelekwa kwenye silinda, na inayosimamisha gia. Printa ya leza huhesabiwa katika daraja la 1 la viwango vya kimataifa vya leza, daraja la vyombo visivyodhuru, kwa sharti kwamba imefungwa. Mwali wenyewe hauonekani. Jicho hupepesa likipigwa na mwanga mkali, lakini mwali usioonekana haulishtui, na huo ndio ubaya wake. Sitaki kumtisha mtu kupita kiasi; kisanduku cha leza kimefichwa ndani zaidi, na huenda mwali usimfikie mtoto. Lakini gia na rola ziko mbele yake, zinazunguka, zina sauti ya kuvutia, na karatasi inatoka humo kama mchezo. Vidole vya mtoto wa miaka 3 hupenya mahali ambapo vya mamake havipenyi. Na rola ya moto haiko mbali.

Isitoshe, hata biashara haifaidiki. Mlango uliofungwa ndio unaoikandamiza katriji ikae imara na kuziunganisha gia nayo. Ukiachwa wazi, maandishi huanza kufifia upande mmoja, wino humwagika ndani, na baada ya muda dada ataanza kurudishiwa fomu zisizosomeka na watu waliotoka Merti.

Ikiwa kumbe ulimi umevunjika, dawa ipo. Kwanza tafuta kile kipande, mara nyingi kimeanguka chini ndani ya mashine. Safisha pande zote mbili kwa spiriti. Wengi hukimbilia supaglu. Mimi siipendi kwa kazi hii, kwa kuwa kiungo chake hakistahimili kubonyezwa mara mia kwa siku, na tone moja likiingia tunduni huigandisha swichi, ukawa umeua kilichokuwa kizima. Tumia gundi ya mirija miwili inayochanganywa, na utie ubavuni kipande chembamba cha plastiki ngumu, kama kilichokatwa katika kadi ya zamani ya benki, kiwe mhimili. Urefu uwe uleule wa mwanzo. Ulimi mrefu kuliko kawaida utaibonyeza swichi kabla mlango haujafungwa, na hapo utakuwa umelirudisha boksi kwa njia nyingine. Acha mlango wazi siku nzima gundi ikauke, kisha ndipo ujaribu.

Neno kuhusu mafundi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi halipi kilichoharibika mkononi mwake bila uzembe wala kuvuka mpaka, akizembea, analipa. Sisemi kwamba fundi wa pili alikusudia ubaya; alimwona mama ana foleni ya wateja akataka kumwokoa. Lakini ilimpasa aseme: "Mama, nimeizuia swichi ya usalama, hii si tengenezo." Kunyamaza ndiko nisikokukubali. Na dada naye, akija kuiuza printa hiyo ikiwa na kitu tunduni, ni wajibu wake kumweleza mnunuzi, kwa kuwa ni aibu iliyofichika, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana khiyari ya kurudisha. Wallahu a'lam.

Wenye printa za matangi ya wino wa maji, ambazo siku hizi zimejaa majumbani, nao wana shida zao, ingawa ni ndogo. Kifuniko cha tangi kikikataa kushuka, mara nyingi ni kizibo kimojawapo cha wino ambacho hakikubanwa baada ya kujaza. Sehemu ya juu yenye kioo ikikataa, tazama kama ile mipira myembamba inayopitisha wino imetoka mahali pake ikabanwa. Usiikandamize, kwa kuwa mpira ukitoboka utaufuta wino mezani mwezi mzima. Na kile kifuniko cha kioo cha kopi kinachoinuka kwenye bawaba unapoweka kitabu kinene, hakikuharibika. Bawaba zake zimetengenezwa zinyanyuke. Zibonyeze chini taratibu baada ya kutoa kitabu.

Kwa upande wa utunzaji, Isiolo na pwani zinatofautiana. Huko adui ni vumbi kavu, tena na jua, ambalo hukausha plastiki ikawa yenye kukatika. Printa isikae mkabala na mlango wa kibanda, na jioni ifunikwe kwa leso safi baada ya kupoa. Huku kwetu adui ni unyevu wa bahari: karatasi hunyonya maji hewani, hujikunja, hukwama, huchanika, na springi za mlango hushika kutu. Rimu ikishafunguliwa, irudishwe katika mfuko wake na mdomo ukunjwe.

Iwapo mkono au bawaba imevunjika kabisa na haigandiki, usinunue printa; nunua mlango. Zile printa zilizokufa kwa sababu nyingine huvunjwa na kuuzwa vipande, na Barabara ya Luthuli kule Nairobi kuna maduka mengi ya vifaa vya namna hii. Andika jina na namba kamili ya modeli kama ilivyo kwenye kibandiko nyuma ya mashine, herufi zote, kwa kuwa herufi moja ya mwisho inaweza kubadilisha umbo la mlango. Pigia picha kona ya kulia na uitume pamoja na namba. Kisha, kabla hujapeleka pesa, mwambie muuzaji akutumie picha ya mlango wake ukiwa umefunguliwa, ulimi na mkono vikionekana vizima, ndipo aufunge katika boksi na kuupeleka kwenye basi la Isiolo.